Mwalimu Nesta na Udongo wa Zizi Letu

"Madamu, ule udongo uliorudisha, kweli ulikuwa wa kwetu?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipomuuliza hivyo Mwalimu Nesta. Tulikuwa wawili tu kwenye banda la mabati kule Ivuna, wenzangu wameshatawanyika kufuata ng'ombe. Alikuwa anafuta ubao kwa kipande cha kanga. Hakugeuka.

"Edina, uliza swali jingine."

"Sina jingine."

"Basi hilo litunze."

Nimelitunza. Sasa niko kidato cha pili, nakaa bweni Vwawa, na swali hilo nimeishi nalo kama mtu anavyoishi na mwiba uliozama. Ili ulielewe, inabidi kwanza nikueleze Mwalimu Nesta ni mtu wa namna gani, na sisi tulivyomshuku, maana mtu aliyeshukiwa kama yeye sijamwona tena.

Alikuja kwetu akitokea Tunduma, amekaa nyuma ya pikipiki, begi moja mgongoni na ndoo mbili tupu zinagongana pembeni. Watu walitoka kuangalia. Mwalimu gani anahamia mahali na ndoo tupu? Ni Mnamwanga, mama yake aliuza vitenge mpakani miaka yote, na nusu ya ndugu zake wako upande wa Zambia. Kwa hiyo simu yake ikiita, anatoka nje, anaanza kuongea Kibemba. Hilo peke yake lilitosha. Mama yangu alikuwa akimwangalia kwa mbali, anatikisa kichwa. "Mtu anayekimbilia nje kuongea na simu, hayo maneno yake yana nini ndani?"

Babu yangu, mzee Bugalama, yeye alishakata shauri siku ileile. "Huyo katumwa kuhesabu ng'ombe."

Sisi ni Wasukuma. Babu aliteremka na mifugo yake mpaka hili bonde la Momba kabla mimi sijazaliwa, na njia nzima, kila walipotua, alikuja mtu mwenye kalamu akahesabu ng'ombe, halafu wakaambiwa wahame. Ndiyo maana kwetu mgeni mwenye kalamu anaangaliwa mikono kabla ya uso. Zizi ni la babu, na sauti ni ya babu. Baba yangu, Mabula, ni mtu mzima mwenye ndevu zake, lakini mbele ya babu alikuwa anaongea kama kijana aliyeitwa kuulizwa ndama kapotelea wapi.

Mwalimu Nesta alikuja kufungua darasa la MEMKWA, lile la watoto ambao umri wa kuanza shule umewapita. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijua kukama na kutafuta malisho, kusoma sikujua. Darasa hilo halikuwa na kengele. Waliopeleka ng'ombe asubuhi walisoma mchana, na watoto wa wapika chumvi walisoma siku ambazo nyumbani hawachemshi. Ukichelewa husimamishwi nje, unaingia, unamuuliza jirani yako mmefika wapi. Mwisho wa yote kulikuwa na mtihani, na ukifaulu unaingizwa darasa la tano kwenye shule ya kawaida yenye hosteli.

Baba aliniambia wazi tukiwa tunanywesha ng'ombe. "Soma mpaka huo mtihani. Ukifaulu, utakwenda. Ukifeli, au darasa likifa njiani, mimi sina neno la kumwambia mzee. Kuna watu wameshaulizia habari zako."

Nilijua watu wanaoulizia habari za msichana wanataka nini. Kwa hiyo niliposikia mtu yeyote anamsema vibaya Mwalimu Nesta, nilikuwa namjibu palepale. Na waliomsema walikuwa wengi.

Banda lenyewe lilikuwa ghala la chumvi zamani. Ukiegemea ukuta, mgongo unawasha mpaka jioni. Vitabu vilikuwa vichache, basi sayansi tulijifunza kwa mikono, na zile ndoo mbili ndizo zilikuwa maabara. Mwalimu alikata chupa za plastiki, akapanga ndani yake changarawe, mchanga na mkaa uliopondwa, akamimina juu maji ya bwawa yenye rangi ya chai. Chini yakadondoka meupe.

"Uchawi huo!" akasema Yonasi. Yonasi ni mtoto wa wapika chumvi, mdomo wake haujawahi kufungwa.

"Haya, mchawi, njoo urudie wewe," Mwalimu akamwambia.

Yonasi akarudia. Yake yakatoka meusi tii, maana mkaa hakuuosha. Tulimcheka wiki nzima, tukamwita Bwana Lami.

Neno la Mwalimu Nesta lilikuwa moja. "Msiniamini mimi. Naweza kuwa mwongo. Pimeni." Na yeye mwenyewe hakumwamini mtu. Mama akimpelekea maziwa, anadondosha tone kwenye ukucha, anainamisha kidole aone linavyoteleza, ndipo apokee. Mama alirudi nyumbani amevimba. "Ananipima mimi! Maziwa ya ng'ombe wangu nitayatia maji kwani nauza?" Basi ikawa hivyo, yeye anatushuku, sisi tunamshuku, na katikati tumekaa watoto tunachuja maji.

Sasa lile jambo.

Ivuna kila mtoto anajua chumvi inavyopatikana. Unakwangua udongo kule uwandani, unautia kwenye chombo chenye matundu, unamiminia maji. Yale yanayodondoka unayachemsha mpaka yaishe, inabaki chumvi. Siku moja Mwalimu akatuuliza, "Na udongo mwingine je? Nao una chumvi?" Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuwaza hivyo. Mtu ana uwanda mzima wa chumvi, akachemshe shamba la mtama ili iweje?

Akatugawia kazi. Yonasi alete udongo wa uwandani. Mwingine wa shamba, mwingine wa mtoni, mwingine wa kichuguu. "Na wewe Edina, leta wa zizini."

Sisi watoto wa wafugaji tulinyamaza ghafla. Yeye hakuona, alikuwa anatafuta chaki. Mtu wa Tunduma atajuaje? Kwetu udongo wa zizi hautoki. Samadi inatoka kwenda shambani, sawa, lakini udongo wenyewe, ule ulioshika kwato, unabaki pale. Anayeuchukua amechukua nyayo za ng'ombe wako, na mwenye nyayo za ng'ombe anaweza kuwaita wakamfuata, au wakaenda kusikorudika.

Nilimwendea baba jioni akiwa anakama. Nikamwambia. Hakuinua kichwa, maziwa yakaendelea kulia kwenye kibuyu.

"Kiasi gani?"

"Konzi mbili."

Akakama, akakama. Nikadhani hatajibu. "Chota pembeni," akasema. "Katikati usiguse."

Tulipika kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila udongo na kopo lake, moto wa mabua ya mahindi, moshi mpaka macho yanalia. Kopo la Yonasi likabaki na chumvi nyeupe, nene. La mtoni halikubaki na kitu. Langu likabaki na ukoko wa rangi ya kahawia, mzito, wa pili kwa wingi darasa zima! Kabla Mwalimu hajamzuia, Yonasi ameshachovya ulimi.

"Weee! Chungu! Edina, ng'ombe zenu wanakojoa shubiri!"

Hata kicheko chao sikukijali. Mimi ndiye niliyekuwa nimegundua kitu. Mwalimu akasema yule aliyechokoza ameshajibu nusu ya swali bila kujua, tukafikirie ng'ombe anakojoa wapi usiku kucha. Udongo uliobaki kwenye makopo, ule ulioloa, tukaumwaga wote pamoja kwenye kitalu cha mchicha nyuma ya banda. Wangu niliumwaga kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo usilisahau.

Haukupita muda, ng'ombe wa babu akafa. Yule mwekundu wa pembe iliyoinama, aliyempenda kuliko watu wengine wa nyumba yetu. Alivimba tumbo mchana, jua halijazama akawa amelala miguu juu. Na kabla nyama haijagawanywa, habari ilikuwa imeshafika kwa babu kwamba udongo wa zizi lake ulitolewa ukapikwa. Ukapikwa! Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba nasikia wanawake wanalirudia neno hilo kwa kunong'ona, kama tusi.

Mkutano ukaitwa mbele ya ghala. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, amekaa pembeni kama mgeni. Babu alikaa kwenye kigoda chake, fimbo mapajani. Mwalimu Nesta alisimama, hakuna aliyempa kiti.

"Mwalimu. Uliomba udongo wa zizi langu?"

"Niliomba, mzee."

"Uliniomba mimi?"

"Hapana, mzee. Nilimwambia mtoto. Hapo nilikosea, ningekuja kwako kwanza."

"Ukaupika."

"Watoto walikuwa wanajifunza, shikamoo mzee, walikuwa—"

"Shikamoo yako nilishaipokea asubuhi. Nimeuliza, uliupika?"

Kabla hajajibu, mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ng'ombe kavimba kama chungu kinachochemka, mnauliza nini tena?" Watu wakaguna. Mimi nilimwangalia baba. Nilikuwa nangoja aseme kwamba yeye ndiye aliyeniruhusu nichote pembeni. Alikuwa anaangalia chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Mwenyekiti akakohoa. "Mzee Bugalama, unataka nini ili tuelewane?"

"Nataka udongo wangu. Urudi kama ulivyotoka. Usiporudi, hakuna mtoto wa kwetu atakayekanyaga tena ghala hili, na pikipiki iliyomleta huyu ije imchukue."

Ndipo baba akasimama. Moyo wangu ukasimama naye.

"Mimi naongeza neno," akasema. "Apewe mpaka kesho jioni. Na kuanzia sasa zizi nalilinda mimi mwenyewe, na mbwa wangu. Asije mtu akajipenyeza akachota mwingine, akatuletea tuukubali kama watoto."

Watu wakasema sawasawa, huyo ndiye mtoto wa Bugalama. Mimi nilimchukia baba yangu siku ile. Mtihani ulikuwa karibu, yeye anajua, na anafunga mlango kwa komeo.

Mwalimu Nesta alimtazama baba kwa muda. Kisha akasema, "Utarudi."

Alisema hivyo tu, bila kutetemeka. Na hapo ndipo mimi, niliyekuwa namtetea mbele ya kila mtu, nilipoanza kumshuku. Utarudi kutoka wapi? Udongo uko kwenye mchicha, umechanganyika na wa mtoni na wa kichuguu. Niliumwaga mimi.

Kesho yake alikuja na furushi. Kipande cha kiroba cha sukari, kimefungwa kwa kamba ya katani. Babu hakugusa. Alimwonyesha baba kwa fimbo. Baba akachuchumaa, akafungua, akachukua kidogo, akasugua kwenye kiganja, akanusa. Mimi nilikuwa karibu, nikaona. Ulikuwa mkavu, wa kijivu, una vipande vya nyasi na samadi. Haujawahi kuona moto wala maji.

"Ni wetu," baba akasema.

"Una hakika?" babu akauliza.

"Baba, zizi hili nimelala ndani yake nikiwa mdogo kuliko huyu Edina. Nisiujue udongo wangu?"

Babu akamtazama kwa jicho lile lake la kukagua ndama wa kununua. Halafu akaupokea, akaumwaga mlangoni pa zizi, akaukanyaga kwa miguu yote miwili. Darasa likafunguliwa. Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikaenda hosteli. Siku chache kabla sijaondoka ndipo nilipobaki nyuma, nikamuuliza lile swali, akaniambia nilitunze. Muda si mrefu naye akahamishwa kurudi Tunduma, ndoo zake zikigongana.

Sasa fikiria nilivyoumia. Kati ya mambo mawili, moja lilikuwa uongo. Labda tulichokipika hakikuwa cha kwetu. Labda Mwalimu alijua mila zetu tangu mwanzo, akaubadilisha udongo wangu kimyakimya kwa mwingine usio wa zizi kabla ya kupika, wa kwetu akauficha salama. Kama ni hivyo, ule ukoko wa kahawia, kitu cha kwanza nilichogundua maishani, ulikuwa mchezo wa kuigiza. Au basi tulipika wa kwetu kweli, na alicholeta kwenye kiroba ni udongo wa zizi la watu wengine, na alimdanganya baba yangu mbele ya kijiji kizima, akamfanya anuse udongo wa mtu na kuapa kuwa ni wake. Sikujua ni lipi baya zaidi. Kwamba alijipenyeza zizini akachota mwingine, hilo nilishalitupa. Alikuwa analinda baba, na mbwa wetu hata mimi hunibwekea nikichelewa.

Kumuuliza baba? Wewe una baba wa Kisukuma? Jambo likishaisha mbele ya babu, limeisha.

Kuupima nisingethubutu babu akiwa hai. Mwaka huu amefariki. Tulimzika karibu na zizi, alivyotaka. Matanga yalipokwisha, kabla likizo haijaisha, nilimwendea baba akiwa anakama. Ndevu zake zimeingia mvi.

"Baba, naomba konzi mbili za udongo. Nataka kupika."

Maziwa yakalia kwenye kibuyu. "Chota pembeni," akasema.

Nikachuja, nikachemsha kwenye kopo. Yonasi, ambaye sasa ana pikipiki yake na bado mdomo haujafungwa, alikuja kusimamia. Maji yakakauka. Ukabaki ukoko wa kahawia, mzito. Nikaugusa kwa ulimi mwenyewe.

"Shubiri?" akauliza Yonasi.

"Ileile."

Kwa hiyo tulipika wa kwetu. Nilichogundua kilikuwa kweli. Lakini maana yake ni kwamba kiroba ndicho kilikuwa uongo, na baba yangu alichezewa. Nikaona nisirudi Vwawa kabla sijamtazama huyo mwanamke usoni.

Nilimkuta Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori. Ana darasa lingine, la watoto wanaosukuma mikokoteni ya mizigo mpakani; wanasoma wakishashusha mzigo, mikono bado ina vumbi la saruji. Alikuwa amechuchumaa nao, wanafunga mfuko wa plastiki kwenye tawi lenye majani ili waone kama jani linatoa maji. Mtoto mmoja anamwambia, "Madamu, hayo maji umetia wewe tukiwa hatuoni!" Naye anamjibu, "Vizuri. Usiniamini. Funga wako, kaa uulinde."

Aliponiona alisimama, akapangusa mikono, akaniangalia sare yangu ya shule toka juu mpaka chini. Mimi sikungoja hata maji ya kunywa.

"Shikamoo Madamu. Nimepima. Tulipika wa kwetu, nina hakika. Kwa hiyo uliorudisha haukuwa wa kwetu. Ulimdanganya baba."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na mzee Bugalama?"

"Tumemzika mwaka huu."

Akakaa kwenye ndoo, moja ya zilezile mbili, imepasuka ukingoni. Akanivuta mkono nikae kwenye nyingine. Watoto wa mikokoteni walikuwa wanatukodolea.

"Basi sasa naweza kukujibu," akasema. "Ulikuwa wenu, Edina. Aliyekuwa analinda zizi ndiye aliyeuchota. Aliniletea mlangoni kwangu alfajiri ile, umefungwa kwenye kiroba, mbwa wake wako nyuma yake kimya. Akasema, 'Mwalimu, mzee wangu anataka udongo wake, na mwanangu anataka mtihani wake. Huu hapa, wa pembeni, palepale alipochota mtoto. Jioni uulete mbele ya watu, nami nitaunusa. Ila usimwambie mtu, hata mwanangu, mpaka mzee alale.'"